Mwari Apelekwe kwa Daktari? Mjadala wa Ibra, Sur na Nizwa

Hoja iliyo mezani ni hii: msichana ambaye hajaolewa, akiingia mwezini akaumwa hata asiweze kusimama, apelekwe kwa daktari wa wanawake, au aachiwe mama na bibi yake wamtunze nyumbani mpaka siku zipite? Katika nyumba za Waomani wanaosema Kiswahili, Ibra, Sur, Nizwa na vijiji vinavyoizunguka miji hiyo, hoja hii haiishi kuzungumzwa. Lakini huzungumzwa kwa sauti ya chini, na hukatizwa akipita mwanamume. Mimi naona imezungumzwa chini vya kutosha.

Sauti tano zilizomo humu nimezitunga, kwa sababu mwili wa mtu si wa kutangazwa kwa jina lake. Hoja zenyewe sikuzitunga. Ni zile zile zinazozunguka katika nyumba zetu. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Oman mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Sasa yupo Ibra. Mama ni binti yake. Binti ni mjukuu, anasoma chuo Nizwa. Muuguzi ni mtu wa Sur, kazi yake markazi ya afya. Mwalimu anawafundisha wanawake fikihi Nizwa, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili.

Tuwaweke Ibra, siku ya Jumatano, wametoka soko la wanawake, lile ambalo mwanamume haingii. Udi na vitambaa vimeshanunuliwa, kahawa imeshamiminwa.

BIBI: Naanza mimi, maana ndiye niliyetangulia kuyaona. Nilipovunja ungo nilipewa somo. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja sodo, kulifua na kulianika pasipopita watu, kukoga, kuhesabu siku zangu. Tumbo likiniuma aliniambia ni chango, akanichemshia mdalasini na tangawizi, akanikanda kwa kitambaa cha moto. Nimezaa watoto saba kwa tumbo hilo hilo. Sikumjua daktari wa chango mimi. Na tulipofika huku, daktari mwenyewe yuko wapi? Nchi nzima hospitali zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na ile ya Wamarekani ilikuwa Matrah, safari ya siku.

MUUGUZI: Bibi, kitambaa cha moto sikipingi hata kidogo. Joto chini ya kitovu linatuliza, na sisi wenyewe tunalishauri. Tangawizi nayo haina neno. Kizazi kinapojivua ule utando wake wa ndani, hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazokikaza. Zikiwa nyingi, kinakazika mno, na mwanamke anaumwa na tumbo na kiuno, anatapika, pengine anaharisha. Chango chenu ndicho hicho, na walio wengi kinawaisha siku ya pili au ya tatu. Dawa yake ipo: ibuprofeni, au hiyo Ponstan inayojulikana hapa kwetu, inazuia prostaglandini zisitengenezwe. Mtu aimeze maumivu yanapoanza, na chakula tumboni, asingoje mpaka ajikunje. Ila mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au pumu aulize kwanza.

BINTI: Khala, hiyo nameza. Inanipa saa mbili, tatu, kisha narudi kitandani. Kila mwezi napoteza siku mbili za masomo, na mwezi wa mtihani nilitoka chumbani nimeshikwa mkono. Na hayaanzi na damu. Yanatangulia siku kadhaa, na katika siku zenyewe nikienda chooni naumwa huko nyuma mpaka machozi yananitoka. Nikimwambia Bibi, ananiambia nitaolewa, nitazaa, yataondoka.

BIBI: Nimesema na nasema tena. Wangapi nimewaona walikuwa wakigaragara, wakazaa mtoto mmoja, yakaisha!

MUUGUZI: Umewaona, sikukanushi. Chango cha kawaida hupungua umri unaposonga, na wengi hupungukiwa baada ya kuzaa. Lakini anayoyasema huyu ni mengine. Maumivu yanayotangulia damu, yanayoshika njia ya haja kubwa, yasiyosikia dawa, yanayomtoa mtu darasani kila mwezi: hayo yanatutaka tufikirie endometriosisi. Utando unaofanana na ule wa ndani ya kizazi unaota nje yake, kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma karibu na utumbo, na unawaka kila mwezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anao, kiasi cha watu milioni 190 duniani. Na linasema mgonjwa huweza kupita miaka 4 hadi 12 kabla ya kuambiwa anaumwa na nini. Unajua miaka hiyo inakwenda wapi, Bibi? Inakwenda kwenye kuambiwa ataolewa yataondoka.

Hapa naingilia. Ushauri wa ndoa una ubaya ambao aghalabu hausemwi. Mwenye ugonjwa huu huenda akaumia pia katika tendo la ndoa, na huenda akachelewa kushika mimba. Basi tunamtoa msichana kwetu na maradhi ambayo hayajaangaliwa, tunampeleka kwa watu, kisha mwaka ukipita bila ya mtoto yeye ndiye anayeulizwa. Wala mimba haiondoi endometriosisi. Huweza kuituliza kwa muda, ikarudi. Anayemwahidi binti kuwa mume ndiye dawa anamwahidi kitu asichokuwa nacho.

MAMA: Nyinyi mnasema kwa wepesi. Ibra si London. Nikikaa na mwanangu kwenye benchi la kliniki ya wanawake, atakayetuona wa mwanzo ni jirani, wa pili mke wa ami yake, na kabla ya magharibi limeshafika kwenye WhatsApp ya ukoo mzima: mtoto wa fulani yuko kwa daktari wa uzazi, ana nini? Mtoto ana posa mbili. Na baba yake nimwambie nini? Halafu huyo daktari atataka kumpima ndani. Mtoto mwari! Wallahi siwezi.

Neno hili la Mama ndilo lango lenyewe. Mdalasini wa Bibi haumzuii mtu kwenda spitali. Kinachomzuia ni hofu ya kuonekana na hofu ya kupimwa. Ya pili ni rahisi kuijibu kuliko ya kwanza, kwa sababu inategemea jambo ambalo watu hawajaambiwa.

MUUGUZI: Dada, sikiliza utaratibu ulivyo, kisha uamue. Huanzi kliniki ya uzazi, unaanza markazi, pale pale anapokwenda mtu mwenye mafua na mwenye sukari. Hakuna atakayejua umekwenda kwa lipi. Mwambie aliye kaunta unataka daktari mwanamke. Kazi ya mwanzo ya daktari ni kuuliza: siku ngapi, damu kiasi gani, maumivu wapi na lini. Akipima, anapima tumbo kwa nje, juu ya nguo ya ndani akitaka. Anachukua damu. Akihitaji kuona kizazi na ovari, picha inapigwa juu ya tumbo, na mgonjwa anaambiwa anywe maji mengi asiende msalani, ili kibofu kijae na picha itoke vizuri. Msichana ambaye hajaolewa hapimwi kwa ndani kwa jambo kama hili, na hakuna kipimo anachofanyiwa pasipo ridhaa. Wewe unakaa pale pale kwenye kiti. Ikihitajika zaidi, mnapewa barua: wa huku mnakwenda Hospitali ya Ibra, sisi Hospitali ya Sur, wa Dakhiliya Hospitali ya Nizwa. Likiwa zito kabisa, Muscat, Hospitali ya Royal au ile ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos.

MAMA: Na wakimwandikia vidonge vya kuzuia mimba? Maana mtoto wa shoga yangu aliandikiwa hivyo. Mama yake alivitia kwenye pipa la taka njiani.

MUUGUZI: Basi alitupa dawa ya mwanawe. Vidonge vile ni homoni. Vinaufanya utando wa kizazi uwe mwembamba, damu inapungua, maumivu yanapungua. Mtu akiacha kuvitumia, uzazi wake uko pale pale. Si kila mtu anafaa kuvitumia: mwenye historia ya damu kuganda kwenye mishipa, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, hao lazima waseme. Lakini kuvikataa kwa jina lake, kwa sababu mtu atakiona kipaketi kwenye mkoba, ni kumwacha mtoto aumie kwa ajili ya maandishi ya kwenye boksi.

MWALIMU: Nami niseme, kwa kuwa kila tunapotaka kunyamaza tunasema ni haya, na haya ni katika imani. Kweli. Lakini Bibi Aisha, Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Na waliuliza nini? Waliuliza haya haya: damu, josho, madoa kwenye nguo. Waliuliza mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Fatima binti Abi Hubaishi alikwenda akamwambia kwamba damu haimkatiki, aache sala? Akajibiwa kwamba ile si hedhi, ni mshipa. Sasa hebu tulizingatie hilo. Karne kumi na nne nyuma, mwanamke anaambiwa waziwazi kwamba si kila damu inayotoka huko ni ada ya mwezi. Nyingine inatoka kwenye mshipa, ina sababu yake. Ndiyo tunayoiita istihadha. Mwenye istihadha anakoga, anatawadha, anasali. Na hakuna mahali alipokatazwa kutafuta dawa.

BIBI: Mwalimu, hapo hapo ndipo ninapotaka kukuuliza. Sisi tumefundishwa hedhi haizidi siku kumi. Jirani zetu Mashafii wanafika kumi na tano. Huyu muuguzi kila siku anatuambia saba, saba. Mwenye siku kumi zake za halali anaambiwa ni mgonjwa. Nimfuate nani, fikihi au markazi?

MWALIMU: Umeuliza swali ambalo wanafunzi wangu wote wanalo, wala hawaliulizi. Kwetu Maibadhi kauli mashuhuri ni kwamba hedhi haipungui siku 3 wala haizidi 10. Kwa Imamu Shafii ndogo yake ni mchana na usiku, kubwa yake siku 15. Lakini mipaka hiyo inajibu swali gani? Inajibu: leo nisali au nisisali, nifunge au nisifunge, nimhalalikie mume wangu au bado. Haijibu: mwili wangu una damu ya kutosha? Mwanamke anaweza kuwa na siku kumi kamili kila mwezi, hukumu yake ni hedhi bila ya shaka yoyote, na huku amepauka, akipanda ngazi moyo unamdunda. Sala yake imo katika hukumu yake na afya yake inataka tabibu. Hakuna mgongano.

Maneno haya ya Mwalimu ndiyo ninayotaka yafike mbali kuliko mengine yote humu. Sisi ni watu wa kuhesabu. Mwanamke wa nyumba hizi, hata asiyejua kusoma, anajua siku aliyoingia na siku aliyotwaharika, kwa sababu sala inategemea na deni la Ramadhani linategemea. Kuna mwenye kidaftari kwenye mtoto wa meza, kimeandikwa tarehe za Kiislamu upande mmoja na za Kizungu upande wa pili, na saumu anazodaiwa zimepigwa mistari. Kila aliyoilipa ameikata. Wenzetu wa nchi nyingine wanashauriwa na madaktari waanze kuandika. Sisi tunayo hesabu tangu tuvunje ungo, ila tunaipeleka kwa mwalimu wa fikihi tu. Kidaftari kile kile kingeongezwa mambo mawili, pedi ngapi kwa siku na dawa gani imemezwa, daktari angekifungua akajua nusu ya habari kabla hajagusa mgonjwa.

BINTI: Khala, basi tupe hesabu. Ngapi ni kawaida?

MUUGUZI: Unahesabu kutoka siku ya mwanzo ya damu mpaka siku ya mwanzo ya damu inayofuata. Mwanamke mzima, siku 21 hadi 35. Mtoto aliyevunja ungo karibuni, miaka miwili mitatu ya mwanzo, hata 45 si ajabu. Mwili bado unajifunza. Damu yenyewe, siku mbili hadi saba. Anayepita saba kila mwezi, aje. Anayebadilisha pedi iliyolowa kila saa au kila saa mbili, aje. Anayeamka usiku kubadilisha, anayevaa mbili pamoja, anayetokwa na mabonge makubwa kuliko sarafu ya baisa 50, aje. Anayeona damu katikati ya mwezi, au baada ya kukutana na mume wake, aje. Na huyu asingoje miadi: pedi inajaa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, kichwa kinamzunguka, anataka kuanguka. Huyo ni wa dharura, usiku ule ule. Vilevile mwenye mume aliyechelewa siku zake kisha akapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo na damu: mimba inaweza kuwa imeshika nje ya kizazi, na hiyo inaua.

MAMA: Na ambaye haoni kabisa?

MUUGUZI: Mtoto ametimiza miaka 15 hajaona, aangaliwe. Na kama hajaona lakini kila mwezi tumbo linamuuma siku zile zile, msikae hata mwezi mmoja zaidi. Huenda damu ipo, njia imezibwa na utando aliozaliwa nao. Ni upasuaji mdogo, na daktari huwaandikia ripoti mkaiweka, asije akasemwa siku ya kuolewa.

BINTI: Ninaye mwenzangu chumbani, alikuwa akiona vizuri, sasa anakaa miezi mitatu, minne. Amefurahi, anasema Ramadhani ameifunga yote.

MUUGUZI: Mwambie furaha ile aisimamishe kidogo. Miezi mitatu bila ya hedhi, na mimba haipo, ni sababu tosha ya kuja. Ana chunusi nyingi? Nywele kidevuni? Uzito umepanda? Huenda ovari zake haziachii yai kila mwezi. Homoni zimekwenda upande, na mara nyingi insulini imo humo. Ndiyo hiyo mnayosikia watu wakiita uvimbe mdogo mdogo kwenye ovari. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui kuwa wanayo. Kwetu, ambako kila nyumba ina mgonjwa wa sukari, si jambo la kupuuza, kwa sababu mwenye hali hii yuko karibu zaidi na sukari kuliko wenzake. Tena utando wa kizazi unaokaa miezi na miezi bila ya kuvuliwa unanenepa, na ukinenepa kwa miaka unaweza kugeuka kuwa kitu kibaya.

Kuhusu vidonge vya kuahirisha hedhi kwa ajili ya Hija au Ramadhani, Mwalimu na Muuguzi walikubaliana upesi, nami nitapita upesi. Dawa ni norethisteroni. Kwa kawaida huanzwa siku tatu kabla ya siku inayotazamiwa, na hedhi hurudi siku mbili tatu baada ya kuacha. Ni jambo la kuongea na daktari kabla ya safari. Kuazima vya shoga yako ndani ya basi la Makka siyo.

Jambo la upungufu wa damu nalitaka tulikalie, kwa kuwa nchi hii ina habari yake ya peke yake. Oman ilianza kutia chuma kwenye unga wa ngano mwaka 1996, kabla ya nchi nyingi za eneo hili. Bado uchunguzi wa kitaifa wa lishe wa 2017 ulikuta zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne walio katika umri wa kuzaa ana upungufu wa damu. Hedhi nzito ni mlango mmoja wa upungufu huo, lakini si mlango pekee.

MUUGUZI: Mtu akichoka, duka la dawa liko karibu, anakwenda kununua vidonge vya chuma. Kwetu hiyo haitoshi. Talasemia na selimundu zimo katika damu zetu, tunazirithi, na tunaoana binamu kwa binamu. Mwenye chembe ya talasemia damu yake hupimwa ikaonekana imepungua na chembe zake ndogo, sawasawa na mwenye upungufu wa chuma, na huku chuma chake kiko kamili. Huyo ukimpa vidonge mwaka mzima hatapanda. Kwa hiyo usiulize hemoglobini peke yake, chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba ni upungufu. Uliza na feritini, ambayo ndiyo akiba ya chuma. Na mtoto ambaye hedhi yake ya mwanzo tu imemwaga damu ya kutisha, na puani hutokwa damu, na jino aling'olewa halikukauka, mwambie daktari hayo yote. Huenda damu yake haigandi inavyotakiwa, na hilo nalo ni la kurithi.

BIBI: Chuma anakula. Nyama ipo, tende zipo.

MUUGUZI: Na kahawa je? Chai ya maziwa je, juu ya chakula? Vinazuia chuma cha mimea kuingia mwilini. Tende na dengu mnakula, kisha mnakifukuza kile kidogo kilichomo. Kahawa na chai ziachwe saa moja au mbili baada ya kula, na kidonge cha chuma kinywewe na maji ya machungwa. Na wewe Bibi, hili la kuona damu haliishii kwa wari. Mwanamke aliyekatika hedhi mwaka mzima, akaja kuona tena, huyo asiseme usichana umerudi. Nimewapokea waliokaa nayo miaka miwili wakiona fahari.

BIBI: Hata tone moja?

MUUGUZI: Hata tone moja. Hata rangi tu kwenye nguo. Mara nyingi inakuwa ni ukavu, au kijinyama kidogo kisicho na madhara. Lakini wengine inakuwa saratani ya kizazi, na hiyo ikishikwa mapema inatibika.

BIBI: Basi Jumapili nitakwenda markazi. Msiniulize zaidi. (Kimya kidogo.) Lakini kuna neno langu hamjalijibu. Mimi nilipewa mtu. Somo wangu nilimwambia yale nisiyoweza kumwambia mama yangu. Tulipohamia huku tulikuja na masanduku, masomo hatukuja nao, na waliotupokea waliona mambo ya unyago ni aibu. Huyu mtoto nani amempa? Simu. Simu inamhesabia siku, inamwambia kesho utaona. Ikifika kesho anaumwa, simu itamkanda?

MWALIMU: Hapo, Bibi, nimesimama upande wako. Wewe mwenyewe hutuambia mficha uchi hazai. Na mtoto hawezi kufunua kwa mtu ambaye hakuwekwa.

MAMA: Nilikuwa namfichia mwanangu jina lake. Jina sasa nimelishika, na mwenyewe anaumwa. Nitakwenda naye. Lakini baba yake mtamwambia nyinyi.

BINTI: Baba anajua, Mama. Mwezi uliopita ndiye aliyenifuata chuoni Nizwa. Alininunulia maji njiani, hakuuliza kitu.

Uamuzi wangu nautoa bila ya kuuma maneno. Mwari apelekwe. Apelekwe markazi, na mama yake au shangazi yake, na tarehe zake zimeandikwa, na kabla ya hapo aulizwe kwa upole, na mtu mzima mmoja aliyewekwa kwa kazi hiyo, yanamuuma wapi na tangu lini. Katika hilo Bibi ameshinda: kila binti wa nyumba zetu apewe mtu wake, tumwite somo au tusimwite. Katika la ndoa kuwa dawa, ameshindwa. Hofu ya Mama nimeielewa, lakini haiwezi kupewa haki ya kuamua, kwa sababu maneno ya jirani hupita na endometriosisi iliyoachwa miaka kumi huacha makovu ndani.

Nanyi akina baba, mlioachwa nje ya mazungumzo haya tangu mwanzo wake: mabinti zenu hawawahitaji mjue kila kitu. Siku mtakapoambiwa kwamba mtoto ana miadi, Ibra, Sur, Nizwa au Muscat, washeni gari, wapelekeni kwa wakati, na mkiulizwa na jamaa mlikuwa wapi, jibuni kwamba mtoto alikuwa na miadi ya daktari.